Ukurasa wa Ngazi

Fundi wa mabango hakuiamini rangi yoyote aliyoiona asubuhi. Akishaichanganya alipaka kidogo kwenye kipande cha ubao, akakiegemeza ukutani nje, akaenda kunywa chai. Mchana alirudi kukitazama. Jua likianza kulala alikitazama tena, safari hii akiwa amekunja macho kama mtu aliyeingiwa na moshi, na hapo ndipo aliposema kama inafaa au haifai. Wateja wenye haraka walimkimbia, wakaenda kwa vijana wanaochapisha mabango ya plastiki kwa mashine. Yeye hakuwafuata. Alisema rangi ni kama mchumba, ukimwona siku ya sikukuu tu hujamwona.

Nimesoma tena aya hiyo na naona nimeandika kana kwamba amekufa. Hajafa. Yuko Mugumu kwa binti yake, upande wa njia ya kwenda bwawa la Manchira, anakula vizuri na anabishana vizuri. Ila mtu ninayetaka kumweleza ni yule wa Nyamisangura, hapa Tarime mjini, aliyekuwa anaona, na nikimfikiria huyo kalamu inarudi yenyewe kwenye wakati uliopita. Mimi ni mtu wa kurekebisha kila kitu, lakini hiyo nitaiacha.

Niseme mapema jambo lenyewe ni nini. Ninachora katuni. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuiga picha za kwenye simu, nikifuta na kurudia mpaka karatasi inatoboka. Ninatengeneza kitabu cha katuni fupi, hadithi za ukurasa mmoja au mitatu, za watu wa Tarime na Serengeti. Fundi alinisaidia kupanga rangi za kitabu chote, na kwa kazi hiyo aliomba kitu kimoja tu: hadithi yake moja, ya ukurasa mmoja, iwemo, naye aione kabla macho yake hayajafunga. Wakati anaomba, macho yalikuwa yameshaanza kufunga. Niliahidi.

Tulijuana dukani. Ninafanya kazi kwenye steshenari ndogo ya Nyamisangura, kutoa kopi, kupiga picha za vitambulisho, kuuza kalamu. Yeye alikuja kuomba maboksi matupu, maana alichanganyia rangi juu ya maboksi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako nyuma yangu, kwenye katuni nilizobandika ukutani. Alizitazama kwa muda. Nilisubiri asifu, wateja wote walisifu. Alisema watu wangu wamevaa vizuri, lakini haoni nani anaongea na nani.

Nilikasirika siku nzima. Kesho yake aliporudi nilimpa maboksi mabaya, yaliyolowa.

Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa kopo dogo la masizi aliyoyakwangua kwenye sufuria, akaomba kopi moja ya katuni yangu na maji kidogo. Kwa kidole chake akaijaza kopi ile nyeusi na kijivu, akaacha nyeupe sehemu moja tu, uso wa mwanamke aliyekuwa anadanganya. Katuni ilikuwa yangu, mistari yangu, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuielewa akiwa ng'ambo ya barabara.

Kuanzia siku hiyo sikupaka rangi kabla ya masizi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Kwanza uzito, alisema, halafu ndiyo rangi. Uzito aliuita kile ambacho bado unakiona ukikunja macho: kipi kizito, kipi chepesi, kipi cha katikati. Ukikunja macho na hadithi ikapotea, nyekundu haitakuokoa. Alipomaliza bango alimwita kijana wa bodaboda apite mbele yake kwa kasi, halafu amwambie ameona nini. Kijana akisema ameona picha ya kuku, na bango ni la saluni, fundi alirudi kwenye ngazi bila kinyongo.

Sehemu ya pili ya kazi tuliifanyia sakafuni. Alinifanya nikate boksi kuwa vipande vyembamba virefu, kipande kimoja kwa kila hadithi, nipake juu yake madoa ya rangi zile tu zitakazotawala hadithi hiyo. Kisha tukavipanga sakafuni, kimoja baada ya kingine, kuanzia mlangoni mpaka kwenye mashine ya kopi. Alisema kitabu ni ukuta mrefu, na msomaji anautembelea. Kama mwanzo umempigia kelele, katikati hatasikia. Tukakubaliana kitabu kianze na njano nyepesi ya asubuhi sokoni, kipite kwenye kijani cha mashamba na wekundu wa barabara, kiende kikikolea hadi jioni. Wateja walivuka mkanda ule wa vipande kwa kunyanyua magauni. Mama mmoja muuza ndizi aliuliza kama tumeanza kufuata dini mpya.

Asili yake siijui na sikuuliza. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu na alipenda kututania nacho. Alisema Kiswahili cha Tarime kinabisha hodi kwa teke. Muuza ndizi yule alimjibu, bila hata kugeuka, kwamba cha kwake kinabisha hodi halafu kinakimbia. Fundi alikipenda kijembe hicho hadi akakiiba. Baadaye nilimsikia akikitumia dhidi ya wachoraji wa Sirari, kule mpakani, aliodai wanapaka Kiingereza kikubwa kufunika picha ndogo.

Alikuwa Mwislamu, na makanisa mengi mjini yana malaika aliowachora yeye. Ijumaa hakugusa brashi. Mimi nyumbani kwetu ni Wasabato, Jumamosi siwezi kufanya kazi. Alisema tukiongeza na Jumapili ya wengine, kitabu hiki kitasomwa na wajukuu. Alikuwa anatania. Mimi nilichukua ule utani nikautumia kama ruhusa.

Hakuwa mtu wa kupatia kila kitu, na ningekuwa mwongo nikimpamba. Nyekundu aliiita chumvi, akanikataza kuitia kila mahali, lakini baiskeli yake ilikuwa nyekundu mpaka spoku. Aliniambia ukamilifu ni wa Mungu, binadamu amalize kazi ashuke, halafu akarudia mkia wa ng'ombe wa bucha fulani mara nyingi, kwa rangi yake mwenyewe, kwa sababu ulionekana mfupi ukitokea upande wa stendi. Nyumba aliyopanga haikuwa na rangi kabisa. Alimwapia mama ntilie mmoja kwamba asipake kibanda chake bluu, kwa sababu bluu haiingii mdomoni na watu watapoteza hamu. Mama akapaka bluu. Kibanda kikajaa watu, mpaka leo kimejaa, na fundi akawa anakula hapo hapo, ameupa ukuta mgongo.

Kosa kubwa tulilifanya pamoja. Katika kitabu kuna hadithi ya kurasa tatu kuhusu dume la mahari linalokataa kuondoka kwenye boma lilikozaliwa. Ukurasa wa kwanza ni mchana, wa tatu ni jioni. Dume nilimchora mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. Kwenye ukurasa wa jioni wekundu ule uligombana na mkanda wetu, basi nikambadilisha kuwa kahawia iliyokolea na baka nikalifuta, fundi akakunja macho na kusema sasa umetulia. Nilijivuna. Nikaupeleka nyumbani kwa baba.

Baba ni mfugaji. Hasomi katuni, lakini ng'ombe anawasoma. Alishika kurasa zile mbali na uso, akarudi wa kwanza, akaenda wa tatu.

"Bhoke, huyu wa huku wamemtoa wapi?"

Nikamwambia ni yule yule, baba.

"Yule yule vipi? Yule ana baka. Huyu hana. Mtu wa hapa akiona hivi anajua dume la watu limeibwa njiani wakaletewa lingine. Hii si hadithi ya mahari tena. Hii watu watatoka na mapanga."

Ndugu zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi niliona aibu. Mtoto wa Mkurya, nimekulia kwenye kinyesi cha ng'ombe, nimeiba dume kwa ajili ya kupendezesha ukurasa.

Nilipomsimulia fundi hakucheka. Aliomba apelekwe kwa baba. Akaja jioni na baiskeli yake nyekundu, akasalimia vizuri, kisha akaenda kusimama langoni mwa boma ng'ombe wanapoingia, amekunja macho, anawatazama mmoja mmoja. Majirani hawakulipenda jambo hilo hata kidogo. Mmoja alimwuliza baba kwa Kikurya kama mgeni wake anahesabu au anachagua. Baba akajibu kwamba ni mtu wa rangi, jibu ambalo halikumsaidia mtu.

Jua lilipozama fundi akanivuta kando. Alisema amekosea na mzee wangu amepatia. Mwanga unabadilika, ng'ombe habadiliki. Nimkolezee dume mwili wote na giza la jioni, sawa, lakini baka libaki, na liwe jepesi kuliko mwili kwa kiasi kile kile cha mchana. Jicho litamtambua kwa hilo. Nilifanya hivyo. Baba aliporudishiwa akasema sasa huyu amefika.

Ningejifunza hapo kwamba kosa linarekebishika, ningekuwa nimemaliza kitabu mwaka ule. Mimi nilijifunza kinyume chake. Nilianza kuogopa kila ukurasa. Nilirudia asubuhi ya sokoni mpaka njano ikachoka. Nilipima anga kumi za jioni kwenye ubao mmoja nikashindwa kuchagua. Fundi alikuja, akatazama, akasema hii ni nzuri, songa mbele. Akiondoka nilifuta.

Ndipo lilipoanza jambo ambalo nikilikumbuka nakosa pa kuweka uso wangu. Alianza kuniuliza maswali. Angeshika kopo akasema, binti, hii ni bluu au ni kijani? Hapa nimekoleza au nimepausha? Nilidhani ananipima. Nilijibu kama mwanafunzi wa mbele darasani, na nikaongeza maelezo: ni bluu inayoegemea kijani, fundi, imekolea upande wa chini. Aliitikia vizuri sana. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha kwamba nimefaulu.

Hakuwa ananipima. Alikuwa anauliza.

Nilikuja kujua siku aliyogonga benchi letu, lile lililokaa mahali pamoja miaka yote. Alikaa juu yake kana kwamba ndivyo alivyokusudia, kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba hospitali wamesema ni presha ya macho. Kuna matone ya kutia. Matone yanalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Alisema ukuta wake umeanza kuliwa pembeni, giza linaingia ndani kidogo kidogo, na katikati bado anaona.

Siku hiyo ndiyo aliyoomba ukurasa wake.

Hadithi yenyewe mji mzima uliijua, kwa sababu aliisimulia kila mahali. Alikuwa Robanda, anaandika bango juu ya duka moja, jioni, yuko juu kabisa ya ngazi. Tembo akatoka upande wa mashamba ya mahindi akaja mpaka dukani. Watu wakakimbia. Yeye hakushuka, kwa sababu ukiacha herufi katikati rangi inakauka, na mshono wa rangi kavu na mbichi hautoki. Tembo akanusa kopo, akatazama juu, akasoma bango akaona halijaisha, akaondoka. Watu walicheka kila mara. Kijana wa bodaboda aliwahi kumwambia kwamba Robanda wanasimulia tofauti, kwamba alikuwa ameikumbatia ngazi kama mtoto mgongoni na askari wa wanyamapori ndio waliomshusha. Fundi alimjibu kwamba watu wa Robanda walikuwa wamekimbia, wao wangejuaje.

Dukani alinisimulia mara ya tatu, na haikuwa sawa na zile mbili. Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa namuonyesha jinsi nilivyofikiria kuchora, ngazi katikati, yeye juu, tembo chini.

"Ngazi haijishiki, binti," alisema.

Nikaweka penseli chini.

"Mama alikuwa ameishika. Siku zote yeye ndiye aliyeishika. Watu wote wamekimbia, yeye yupo pale chini na mikono yake miwili, na tembo anapita hapo, kama wewe na hiyo mashine. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nitakwambia nilijuaje kwamba tembo ameondoka. Muda wote alipokuwepo ngazi haikutikisika hata kidogo. Alipokwisha kwenda ndipo ikaanza kutikisika."

Mkewe, huyo aliyemwita mama, alikuwa ameshafariki nilipomjua. Sikuwahi kumsikia akimtaja kwenye hadithi ile, na nilimuuliza kwa nini. Alisema watu wanataka kucheka, na yeye alitaka wacheke naye. Sasa anaona afadhali waone. Nimchore mama na kanga yake ya zambarau. Si zambarau mpya ya dukani. Zambarau iliyofuliwa mpaka inakaribia majivu, ila kwenye pindo bado imekolea. Aliichanganya mwenyewe kwenye boksi ili nisikosee. Ilimchukua muda, kopo mkononi, uso karibu kabisa na boksi, akiniuliza, imefika? Bado, nikasema. Sasa? Mara hiyo nilielewa kwamba anauliza kweli, na nilijibu polepole.

Halafu akahamia Mugumu, maana binti yake hakutaka akae peke yake. Nilimsindikiza stendi. Baiskeli alimwachia mama ntilie wa kibanda cha bluu.

Ukurasa wake niliuchora. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Mistari ilikuwa mizuri, masizi yalikaa sawasawa, ukikunja macho ulimwona mama kabla ya tembo. Tatizo lilikuja nilipoweka kipande chake kwenye mkanda. Kilikuwa kinakaa baada ya dume la mahari, kwenye jioni ya machungwa na kahawia, na zambarau ile ilikataa kukaa na wenzake. Iliwafanya majirani zake waonekane wachafu. Nilijaribu kuipausha, ikawa si ya mama. Nilijaribu kijani, nikajisikia mwizi kwa mara ya pili. Nilihamisha ukurasa mbele, asubuhi ikaharibika. Mwishowe nilifanya jambo ambalo watu wa aina yangu wanalifanya kwa unadhifu mkubwa: niliutoa. Kwa muda tu, nilijiambia. Nilikitoa kipande cha boksi sakafuni, nikasogeza vingine kuziba pengo, nikakunja macho, na mkanda wote ukatulia. Ulipendeza sana. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ulipendeza.

Fundi alipiga simu mara kwa mara. Aliuliza habari za baba, za dume, za bluu ya mama ntilie. Kisha, mwishoni, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kitabu kimefika wapi. Nilimwambia nipo jioni, fundi. Akasema jioni ni ndefu, asicheleweshwe mtu. Tulicheka. Kila alipokata simu nilikaa na ukurasa wake mbele yangu, nikaushika, nikaurudisha.

Aliyepiga mara ya mwisho alikuwa binti yake. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alisema baba anaulizia kile kitabu, na kwa sasa anaona mwanga na giza tu, rangi hazipo tena. Kama nakuja, nije.

Nilitoa nakala moja kwenye mashine ya dukani, karatasi nzuri, rangi zote, nikaishona mwenyewe. Ukurasa wa ngazi haukuwemo. Ningeweza kuuweka ulivyo, bila rangi, na masizi yake. Nilifikiria. Nikaona aibu kupeleka kitabu chenye ukurasa usiokamilika. Someni sentensi hiyo mnielewe mimi ni mtu wa namna gani.

Nilimkuta amekaa ukumbini kwenye kiti cha karibu na dirisha, koti limefungwa vifungo vyote, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nilimpa shikamoo. Alinyoosha mikono miwili nikaweka kitabu juu yake, akakinusa, akasema wino wa mashine hauna tabia. Binti yake alileta chai na akakaa nasi.

Alitaka nimfungulie ukurasa kwa ukurasa. Aliuelekeza kwenye dirisha, akausogelea mpaka pua ikagusa, akakunja macho kwa mazoea ingawa hapakuwa na haja tena. Alisema hapa kuna kitu kizito kushoto. Nikasema ndiyo, ni mlango wa duka. Alisema huku kote ni kwepesi. Ndiyo, ni sokoni. Niligundua kwamba anachokiona ndicho kile nilichokifanya haraka, kwa siku chache, na masizi, bila kuogopa. Miaka yote niliyoitumia kwenye rangi haikuwepo mbele yake.

Tulifika kwenye dume. Alilitambua baka mwenyewe, akaligusa kwa kidole. Akasema, msalimie mzee.

"Sasa mimi," alisema. "Ukurasa wangu."

Kitabu kilikuwa kimerudi mapajani mwangu, kimefunguka pale pale kwenye dume la jioni. Nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo niseme, na nikasikia sauti yangu ikisema: huu hapa, fundi.

Hakuutaka mkononi. Alisema huu nimsomee, rangi kwa rangi, kuanzia juu.

Binti yake alikuwa amekaa upande wangu. Aliinama kidogo akatazama kitabu. Aliona dume. Alinitazama mimi. Akachukua kikombe cha baba yake akakiongeza chai ambayo haikuhitaji kuongezwa.

Nikaanza. Nilisema anga ni ya machungwa. Akauliza machungwa gani. Nikasema ya embe lililoiva upande mmoja, na chini yake vumbi. Akaitikia. Nilisema ngazi ni kahawia. Akasema hapana, ngazi yake ilikuwa imemwagikiwa rangi za miaka yote, haikuwa na rangi moja. Nikasema ndiyo, ina madoa, nyekundu kidogo, nyeupe kidogo. Alisema tembo asiwe mweusi. Nikasema si mweusi, fundi, ni rangi ya barabara ya Robanda baada ya gari kupita. Nilijisikia nikisema hivyo na nikajua ni kweli, tembo alipaswa kuwa rangi ya vumbi, na vumbi likichukua kila kitu, anga, ukuta, hata fundi mwenyewe kule juu, hapo zambarau isingegombana na mtu. Ingekuwa peke yake. Machungwa na kahawia zangu ndizo zilizokuwa na kelele.

"Na mama?" aliuliza.

"Mama ana kanga yake. Imefuliwa sana, imekaribia majivu. Pindo limekolea. Kwenye ukurasa wote ni hilo pindo tu lililokolea."

"Mikono?"

"Imeshika ngazi."

"Inatetemeka?"

Nilifikiria. Nikasema bado, fundi. Tembo bado yupo.

Aligeuzia uso dirishani. Alipapasa mpaka akapata kikombe, akanywa, akakirudisha mahali pake bila kumwaga. Binti yake alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa nimeshika dume la baba yangu kwa mikono miwili, na mikono ndiyo iliyokuwa inatetemeka, karatasi ikafanya sauti ndogo.

"Tulipomaliza ng'ombe," fundi alisema, "karatasi haikugeuka."

Nilisema nisamehe fundi, halafu nikaanza kueleza, mkanda, jioni, majirani wa zambarau, na nilipojisikia naeleza nikaacha.

Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa nacho cha kufanya kwanza. Aliniuliza kama nakumbuka nilivyosema, embe, barabara, pindo. Nikasema nakumbuka vyote. Akaniambia nisinywe hata hiyo chai. Kuna gari la Tarime linaloondoka mchana. Nikapake rangi zile zile nilizozisema, kama nilivyozisema, kabla sijazifikiria tena.

Nilisimama. Nikamuuliza, nikiwa nimeshafika mlangoni, kama nikishapaka nimletee.

"Lete," alisema. "Nitaisikia ikigeuka."